Acheni Kutafsiri Vihusishi

Wanangu, haya ninayoyasema leo nimekwisha kuyasema mara nyingi, na nimechoka. Nayarudia kwa sababu bado naletewa barua za kuomba kazi, insha za kidato cha nne na ripoti za watu wenye shahada, zenye msamiati mzuri wa Kiingereza na nyakati zilizonyooka, ila vihusishi, vile vijineno vya herufi mbili tatu, "in", "on", "at", "to", "for", "by", vimekaa pasipo pake. Walioandika si wavivu. Wamesoma, wamekesha, wamekariri. Kilichowaangusha ni kwamba walichokaririshwa hakikuwa kweli.

Mnaijua orodha ile ya ubaoni: "in" ni katika, "on" ni juu ya, "at" ni kwenye, "with" ni pamoja na, "for" ni kwa ajili ya. Mtoto huinakili, akaishika, na tangu siku hiyo kila sentensi huitunga kwanza kwa Kiswahili kisha akabadilisha neno baada ya neno. Nawaomba muifute. Orodha hiyo haina makosa machache ya kurekebisha. Msingi wake wenyewe haupo.

Tazameni "on". Nzi akitua kwenye dari, miguu juu na mgongo chini, Mwingereza husema yuko "on the ceiling". Picha iliyotundikwa iko "on the wall". Pete iko "on" kidole. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho juu ya kingine. Sisi tukisema picha iko juu ya ukuta, msikilizaji ataitafuta kule ukuta unakoishia. Ndiyo maana tunasema ukutani. "On" inataka mguso: kitu kimegusa kingine, na hicho kingine kimekibeba au kimekishika. Kikombe kiko "on the table" kwa sababu meza imekibeba. Taa inayoning'inia juu ya meza hiyo hiyo bila kuigusa iko "over" au "above". Sisi "juu ya" inatutosha kwa vyote viwili, wala si aibu. Kila lugha ina mahali inapopenda kugawa, na mahali inapoona hapana haja.

Kwenye saa na tarehe mambo ni mepesi, sitakaa sana hapo: "at" kwa saa, "on" kwa siku, "in" kwa mwezi na mwaka. Asubuhi ni "in the morning", lakini usiku ni "at night". Msiniulize kwa nini. Shikeni tu.

Panapowaumiza zaidi ni "kwa". Neno hili letu ni kubwa mno kulivusha upande wa pili likiwa zima. Nimekuja kwa basi, hapo ni "by". Nimekata kwa kisu, "with". Nimelala kwa bibi, "at". Ameandika kwa Kiingereza, "in". Nimekaa kwa siku mbili, "for". "Kwa" moja, vihusishi vitano. "Na" nayo ni vivyo hivyo: alikwenda na mama yake ni "with", lakini aliumwa na nyoka ni "by". Anayeandika kwamba mtu aliumwa "with a snake" amemfanya nyoka kuwa mwenzake wa safari.

Kuona kila kihusishi kinavyobeba maana yake, mtazameni Abraham Lincoln, rais wa Marekani: alipohutubu Gettysburg tarehe 19 Novemba 1863, karibu na kumaliza alilitaja neno "people" mara 3, kila mara akilitangulizia kihusishi kingine: "of", kisha "by", kisha "for". Cha kwanza kinasema serikali ni ya watu. Cha pili kinasema wao ndio wanaoiendesha. Cha tatu kinasema iko kwa faida yao. Jaribuni kuyaweka hayo kwa Kiswahili mkitumia vihusishi peke yake. Mtakwama, mpaka mlete kitenzi: inayoendeshwa na watu, inayowatumikia watu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Kiswahili hakikosi njia ya kuonyesha uhusiano. Kimeuweka mahali pengine, ndani ya kitenzi. Kimbia na kimbilia, lia na lilia, andika na andikia: ile kauli ya kutendea inabeba mzigo ambao Kiingereza kinavitwika "to" na "for". Tena tuna ile "ni" ya mwisho wa jina. Yuko shambani, ametoka shambani, amekwenda shambani. Shamba halikubadilika hata kidogo. Kitenzi ndicho kilichokuambia kama mtu yupo, anatoka au anakwenda. Kiingereza kinataka useme "on the farm", "from the farm", "to the farm". Na sisi tunapotaka kutenganisha ndani na pengine, tunajua kufanya hivyo: nyumbani mwangu si nyumbani kwangu, wala si nyumbani pangu. Asije mtu akawaambia kwamba lugha yenu ni maskini kwa kuwa vihusishi vyake ni vichache. Ni tajiri, ila mali yake haikuwekwa kwenye chumba kile anachokichungulia mgeni.

Mkilielewa hilo, makosa yenu mengi mtayaona yanatokea wapi. Ningoje. Nisikilize. Nieleze. Katika yote matatu, ile "ni" ya mtendwa imejibana ndani ya kitenzi na haihitaji msaidizi. Basi kijana husema "wait me", "listen me", "explain me", na anajiona amesema kamili, kwa sababu kwa lugha yake amesema kamili. Kiingereza kinadai "wait for me", "listen to me", "explain it to me". Upande mwingine kuna vitenzi ambavyo havitaki msaidizi, nasi tunavibebesha: "discuss about", "enter into the room", "request for" pale "request" inapokuwa kitenzi. Tumezoea kujadili kuhusu jambo na kuingia katika chumba, basi tunaongeza. Aliyeolewa na fulani tunamwandika "married with" au "married by", na hii ya pili ni hatari, maana "by" humtaja shehe au padri aliyefungisha ndoa. Mume ni "married to".

Kuna watu wazima husema haya ni madoido, mradi umeeleweka yatosha. Sikubaliani nao, na sitachoka kutokukubaliana. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta hesabu, jiografia na biolojia zimegeuka Kiingereza siku moja. Swali la mtihani likisema mavuno "increased by 300 tonnes", ni nyongeza ya tani 300. Likisema "increased to 300 tonnes", ni jumla iliyofikiwa. "Divide 3 by 12" jibu lake ni robo. "Divide 3 into 12" jibu lake ni 4. Mtoto anayejua hesabu anakosa hesabu kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyemwonyesha, na karatasi ikirudi ataambiwa hajui kugawanya.

Kazini ni vilevile. "Hadi Ijumaa" yetu inafanya kazi mbili. Fomu irudishwe "by Friday" maana yake isipite Ijumaa. Ukiileta Jumanne ni vyema zaidi. Ofisi iko wazi "until Friday" maana yake inaendelea kuwa wazi siku zote mpaka hiyo Ijumaa. Mkataba ukisema malipo yatafanywa "within 30 days", siku 30 ndiyo mwisho, unaweza kulipwa kesho. Nimeona watu wakigombana juu ya karatasi waliyoisaini wenyewe, na chanzo ni vijineno hivi.

Wenye lugha yao nao hawakuzaliwa navyo vikiwa hivi. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vya mwisho wa nomino vilivyoonyesha nani katenda, nani katendewa, kitu cha nani. Viambishi hivyo vilipochakaa karne kwa karne, kazi yao ikaangukia mpangilio wa maneno na vihusishi. Ndiyo maana vijineno hivi vimejaa majukumu: vilirithi kazi za watu waliokwisha kuondoka. Hata wao hawajakubaliana. Uingereza watu wanapumzika "at the weekend", Marekani "on the weekend", na wote wako sawa. Ile amri kwamba sentensi isiishie na kihusishi, ambayo baadhi yenu mlipigiwa alama nyekundu kwayo, haimo katika maumbile ya lugha. Mshairi John Dryden aliilaumu tabia ya kumalizia sentensi hivyo mwaka 1672 akimkosoa mwandishi Ben Jonson, na walimu wakaishika lawama hiyo. Waingereza waliendelea kusema "what are you looking for?" na wanasema hivyo mpaka leo. Semeni nanyi.

Sasa mnaniuliza: tufanyeje? Msijifunze kihusishi peke yake. Kihusishi na kitenzi chake ni kinu na mchi. Ukikutana na "depend", usiandike daftarini "depend: tegemea". Andika "depend on", na chini yake sentensi nzima uliyoikuta mahali, wala usitunge ya kwako bado. Vivyo hivyo "good at", "afraid of", "interested in", "arrive at". Tumieni kamusi ya mwanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ile ya A. S. Hornby ilitoka kwanza Japani mwaka 1942, kazi yake na wenzake waliokuwa wakifundisha Wajapani, watu ambao nao vijineno vyao vya uhusiano hukaa nyuma ya jina. Iliandikwa kwa ajili ya mgeni wa lugha, na ndani yake kitenzi huonyeshwa pamoja na kile kinachokifuata. Wengi wenu mnaifungua, mnatazama maana, mnaifunga. Maana ni nusu ya kilichomo. Someni na mifano.

Kisha someni kwa sauti. Gazeti, hadithi, chochote kilichoandikwa na mtu anayekijua Kiingereza. Sikio hushika "listen to" kabla akili haijapata kanuni yake. Wale wanaosema vizuri hawakumbuki kanuni. Wamesikia mara nyingi mpaka "listen me" inawakwaruza.

Nanyi walimu, wanangu mliokwisha kuwa walimu, neno langu la mwisho ni lenu. Mtoto akisimama mbele ya wenzake akasema "wait me", darasa likacheka, huyo atakaa na hatasimama tena muhula mzima, na pengine maisha yake yote. Msiruhusu kicheko hicho. Mwambieni "wait for me" kwa sauti ya kawaida, arudie, aendelee na alichokuwa akisema. Na ile orodha ya ubaoni, tafadhali, msiiandike tena.