Bizimu la Askari Polisi

Kila kitu kilichofanywa na mkono wa mtu kina asili mbili. Asili ya kwanza ni mahali kilipotengenezwa, fundi aliyekitengeneza, na madini au mti uliotumika. Asili ya pili ni kazi kilichotakiwa kuitumikia. Kisu cha mpishi na kisu cha mwuaji huweza kutoka katika kiwanda kimoja siku moja. Asili yao ya kwanza ni moja, lakini ya pili ni mbali kama mbingu na ardhi. Basi nauliza: mtu aijuaye asili ya kwanza bila ya kuijali ya pili, je, aweza kusema kuwa akijua kitu hicho?

Tuchukue bizimu, yaani kile kipande cha madini kinachofunga mkanda kiunoni. Wako watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaokusanya mabizimu yaliyovaliwa na polisi wa Ujerumani wakati wa utawala wa Wanazi, toka mwaka 1933 hata 1945. Bizimu la askari wa kawaida wa polisi lilikuwa na umbo la mstatili. Katikati palikuwa na swastika, ndio msalaba wenye ncha zilizopindwa. Kando yake palikuwa na majani ya mwaloni na maneno matatu ya Kijerumani, Gott mit uns, maana yake, Mungu yu pamoja nasi. Maneno hayo hayakubuniwa na Wanazi. Yalikuwa katika mikanda ya askari wa Prusia tangu karne ya 19, nao wakayarithi kama mtu arithivyo nyumba asiyoijenga.

Kutambua asili ya bizimu la namna hiyo ni kazi itakayo macho makali na subira. Mjuzi huligeuza nyuma kabla ya kuridhika na mbele, kwa sababu uso wa kitu umefanywa ili upendeze, bali mgongo haujui kujipamba. Huko hutafuta chapa ya kiwanda. Viwanda vingi vya kazi hiyo vilikuwa katika mji wa Lüdenscheid, magharibi ya Ujerumani, mji uliojulikana kwa vifungo na mabizimu. Pengine hupata jina la kiwanda na mwaka katika ulimi wa ngozi ulioshonwa nyuma. Hutazama kulabu zilivyounganishwa, na pembe zilivyolika kwa kuvaliwa. Kisha huyatazama madini yenyewe. Mwanzoni alumini ilitumika sana. Vita vilipokuwa virefu, alumini ilihitajiwa kwa kuunda ndege, na chuma kikashika mahali pake katika mabizimu mengi. Kwa hiyo bizimu lenye chapa ya wakati mmoja na utengenezaji wa wakati mwingine hujishtaki lenyewe.

Shaka hiyo yote ina sababu. Tangu vita vilipokwisha mwaka 1945, vitu vya Wanazi havikukosa wanunuzi, na penye wanunuzi wengi waongo hawako mbali. Mjerumani mmoja, Konrad Kujau, alifanya biashara ya vitu hivyo, akavitungia hati za uongo ili bei ipande. Mwisho aliandika kwa mkono wake madaftari mengi, yakauzwa kuwa ni shajara za Adolf Hitler. Gazeti la Stern liliyatangaza kwa shangwe mwaka 1983, baada ya kulipa marki milioni 9 hivi. Wachunguzi walipoipima karatasi waliona ndani yake dawa ya kung'arisha iliyoanza kutumika baada ya vita. Hitler alikuwa amekwisha kufa. Kujau alihukumiwa kifungo mwaka 1985.

Pengine msomaji atasema, Kuna dhara gani tajiri akidanganywa juu ya kipande cha bati? Dhara ipo, wala si ya tajiri peke yake. Hata leo wako watu wanaokana kwamba Wanazi waliua Wayahudi milioni 6. Kila kitu cha uongo kinachochanganywa na ushahidi wa kweli huwapa watu hao nafasi ya kuuliza, Ikiwa hiki ni cha uongo, vingine je? Kwa hiyo anayepambanua la kweli na la uongo, ingawa ni katika bizimu tu, hulinda haki ya wafu wasioweza kujisemea. Kazi yake ni njema, na simdharau hata kidogo.

Lakini kazi hiyo ikiishia hapo, ni nusu ya kazi. Mwaka 1936 polisi wote wa Ujerumani walitiwa chini ya Heinrich Himmler, mkuu wa SS. Watu waliozoea kulinda masoko na kuongoza magari barabarani wakawa mkono wa utawala uliokusudia kufuta watu wa taifa zima. Asubuhi ya tarehe 13 Julai, 1942, kikosi cha akiba cha polisi nambari 101, kutoka mji wa Hamburg, kilifika katika kijiji cha Józefów, Polandi. Wengi wao walikuwa watu wa makamo, wenye wake na watoto nyumbani. Mkuu wao, Meja Wilhelm Trapp, aliwaambia kwa machozi amri waliyopewa: wanaume Wayahudi wenye nguvu wapelekwe kazini, wanawake, watoto na wazee wauawe kwa risasi. Kisha akasema kwamba askari wa umri mkubwa asiyejiona kuwa aweza kazi hiyo na atoke mstarini. Katika watu karibu 500, walitoka kama 12. Kufika usiku, watu wapatao 1,500 walikuwa wameuawa msituni.

Wengi husema kwamba mtu aliyeamriwa hana hatia. Siku ile inajibu. Mlango wa kukataa ulifunguliwa na mkuu mwenyewe, na waliotoka hawakuuawa kwa kutoka kwao. Kilichowazuia wengine hakikuwa kifo, bali haya ya kuonekana waoga mbele ya wenzao. Haya ni jambo jema inapomzuia mtu kutenda uovu. Inapomzuia kukataa uovu, ni mtumwa wa watu.

Sasa tuwaze mabizimu mawili juu ya meza: moja la askari aliyetoka mstarini, na moja la askari aliyebaki akaua. Kalibu ni moja, chapa ni moja, na maneno ni yale yale, Mungu yu pamoja nasi. Hakuna kioo cha kukuza kiwezacho kuonyesha tofauti yao. Hapo elimu ya madini hufika mpakani, na elimu ya dhamiri huanza. Habari za Józefów hazikupatikana nyuma ya mabizimu. Zilipatikana kwa kuwahoji watu, kwani waendesha mashtaka wa Hamburg walianza kuwauliza askari wa kikosi hicho katika miaka ya 1960.

Je, vitu hivi viyeyushwe vyote? Sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha alama za Wanazi hadharani, ila inaruhusu kwa ajili ya elimu, maarifa na sanaa. Naona kuna hekima katika jambo hilo. Kitu kikiharibiwa, ushahidi mmoja hupungua. Kikiachwa sokoni bila ya habari yake, ubaya hugeuka pambo, na sifa mbaya ya mwenyewe huongeza bei. Kikiwekwa mbele ya macho ya vijana pamoja na habari za kazi kilichotumikia, hapo huwa mwalimu. Mwenye kukihifadhi ana wajibu wa kuzitaja asili zake zote mbili, kama muuza dawa apaswavyo kutaja sumu iliyomo katika chupa.

Nanyi wasomaji vijana, hamkosi siku moja kuvaa sare, au kubeba beji yenye maneno mazuri ya shule, ya kazi au ya chama. Maneno mazuri ni deni, si malipo. Jina la Mungu likipigwa chapa katika alumini halimfanyi mvaaji kuwa mwema. Humwongezea tu hesabu atakayoulizwa. Pasipo kusahau chapa iliyo nyuma ya kitu, uliza pia kilikuwa kiunoni mwa nani, na siku ile mtu huyo alisimama wapi. Mkanda hufunga kiuno; usiuache ufunge dhamiri.