Mtoto Huyu Aitwe Nani?

Masomo: Luka 1:57-66, Yohana 10:3



Mwezi huu napenda tutafakari pamoja jambo ambalo huonekana dogo, kumbe limewahi kumtenga bibi na mkwewe, na kumchelewesha mtoto kufika kwenye birika la ubatizo. Jambo lenyewe ni jina.

Katika mitaa yetu, kuanzia Mwananyamala na Magomeni hadi Tandika na Mbagala, wapo watoto wa kiume waitwao Malcolm, Duncan, Donald, Ferguson na Livingstone. Majina haya yana asili ya Uskoti. Kijana amelisikia jina kwenye mpira au sinema, limempendeza, basi amekata shauri. Mama yake mzazi analijaribu mara tatu, ulimi unagoma, kisha anauliza: "Na babu yake mmemweka wapi?" Hapo maneno yanaanza. Padre anangoja, mtoto anatimiza miezi mitatu, na bado hajabatizwa.

Swali la bibi si geni. Jamaa na majirani wa Elisabeti waliuliza lilo hilo. Wao walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Wakamkumbusha kwamba katika ukoo wao hakuna mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba, naye akaomba kibao, akaandika lile lile alilosema mkewe. Hapa twajifunza mambo mawili. Kwanza, jina geni katika ukoo si dhambi. Pili, wazazi hawa walikuwa na neno moja, tena walikuwa na sababu. Jina hawakuliokota njiani, walilipokea.

Basi na tuyatazame majina haya kwa utaratibu, kama tufanyavyo darasani. Malcolm, katika lugha ya kale ya Uskoti, maana yake ni mtumishi wa Kolumba. Kolumba alikuwa mtawa wa Ireland aliyevuka bahari mwaka 563, akaanzisha nyumba ya watawa katika kisiwa cha Iona, na kutoka hapo Injili ikaenea katika Uskoti. Watu wa pwani wanalifahamu jina la namna hii, kwani Abdallah nalo ni mtumishi wa Mungu. Duncan ni shujaa wa rangi ya kahawia. Donald ni mtawala wa dunia. Mzigo mzito kwa mtoto wa siku nane! Ferguson kwao ni jina la ukoo, na maana yake ni mwana wa Fergus. Wengi walilipata kwa Alex Ferguson, aliyeiongoza Manchester United tangu 1986 hadi 2013. Lakini fikirini: mtoto anaitwa kutwa mwana wa Fergus, na baba yake, Mzee Stefano, yu hai, ameketi barazani.

Msinielewe kwamba nayakataza. Nasema tu, ulizeni kwanza. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kumbukeni pia kwamba hapa kwetu mtu huandikwa kwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Jina mnalompa mtoto leo litakuwa la pili kwa watoto wake na la tatu kwa wajukuu wake. Na likiandikwa Malcolm katika cheti cha kuzaliwa, Malcom shuleni, na Malkom katika kitambulisho cha taifa, kijana atahangaika ofisi hadi ofisi kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mmoja. Mkilichagua, liandikeni kwa herufi zile zile kila mahali.

Sasa nawaletea mfano wa mtu wetu. David Livingstone, Mskoti aliyezaliwa Blantyre mwaka 1813, alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, hawakumwacha. Waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874. Miaka ikapita. Mwaka 1886 Susi alibatizwa, naye akachukua jina David.

Ndugu zangu, jina hilo Susi hakulisikia redioni. Alikuwa amekula na mwenye nalo, amemwuguza, na amembeba mabegani. Angeulizwa na mtoto, "Kwa nini waitwa David?" angekuwa na habari ya kusimulia mpaka usiku. Na jina la Susi halikufutika. Kwa jina hilo twamkumbuka hata leo. Hali kadhalika Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni ya UMCA, mwaka 1890. Cecil lilikuwa jina la ugenini, Majaliwa la kwetu, na yote mawili yalisimama naye madhabahuni.

Kwa hiyo, enyi wazazi vijana, kabla ya kwenda kwa padre jiulizeni: Je, twamjua mtu aliyelibeba jina hili, na maisha yake twaweza kumsimulia mtoto bila haya? Je, bibi yake aweza kumwita kwa jina hili akiwa uani, naye akasikia? Kama majibu ni ndiyo, mwiteni Malcolm, na mwambieni habari za Iona. Kama ni siyo, msione haya kumwita Baraka, Anderea au Majaliwa. Kanisa halimdai mtu jina la Kizungu ili awe Mkristo.

Nanyi bibi na babu, neno langu kwenu ni hili: msimzuie mtoto maji ya ubatizo kwa sababu ya jina. Semeni shauri lenu mara moja, kwa upole, kisha mwende naye kanisani. Jina la babu lina nafasi yake katika vyeti na nyumbani.

Maana pale kwenye birika, wadhamini wanapotaja jina la mtoto, padre hambatizi kwa jina hilo. Anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Hilo ndilo jina liokoalo, nalo ni moja kwa Mskoti na kwa Mzaramo. Jina la mtoto ni la kuitiwa tu. Lakini Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Basi tuwape watoto wetu majina ambayo siku ile watakapoitwa, watayaitikia kwa furaha.

Amina.