Kupokea Jicho na Kukataa Kulitoa

Wanafunzi wenzangu, tangu tulipofundishwa jinsi konea inavyohifadhiwa, kuna swali ambalo sijaweza kuliweka kando. Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho kisicho na mshipa hata mmoja wa damu. Mtu akifa, kioo hicho hakifi papo hapo. Hukatwa, kikatiwa kwenye chupa ya maji maalumu, kikamngoja mgonjwa katika ubaridi wa nyuzi 4 hivi, pengine hadi siku 14.

Lakini kungoja kuna gharama. Upande wa ndani wa konea una safu moja tu ya seli, na kazi yake ni kusukuma maji nje ili kioo kisivimbe na kuingia ukungu. Nguvu ya kazi hiyo hutoka kwenye mitokondria, na humo humo huzaliwa molekuli kali za oksijeni zinazounguza utando wa seli, protini, hata DNA. Kwa aliye hai, majimaji ya jicho huleta vitamini C na kinga nyingine bila kukoma. Chupani kinga hiyo hupungua, ndiyo maana baadhi ya maji ya kuhifadhia hutiwa glutathioni. Baridi nayo hupunguza kasi ya uharibifu, haiusimamishi. Na seli hizi za binadamu hazizaliani tena mwilini: ikifa moja, jirani yake hujitanua tu kuziba pengo.

Utafiti wa Marekani uliotangazwa 2017 ulifuatilia macho zaidi ya 1,300. Konea zilizopandikizwa ndani ya siku 7, asilimia 95.3 zilikuwa bado nzima baada ya miaka 3. Zilizongoja siku 8 hadi 14, asilimia 92.1. Ni tofauti ndogo, ila kwa yule aliyeangukia humo.

Sasa tuitazame Pakistan. Kwa miaka mingi imepokea maelfu ya konea kutoka Sri Lanka, nchi ya Wabuddha wengi, kupitia jumuiya ya utoaji macho iliyoasisiwa 1961 na daktari Hudson Silva. Muislamu anasoma msahafu wake kupitia kioo cha jicho la Mbuddha. Katika kupokea sioni aibu yoyote. Wema ni wema. Kinachonikera ni kwamba nchi ya Waislamu zaidi ya milioni 200, wanaozika kila siku, inangojea chupa zivuke bahari huku siku za safari zikila seli.

Mtasema ni suala la fiqhi. Ni kweli, na wanavyuoni walishalijadili. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, Jeddah, 1988, iliruhusu kumhamishia aliye hai kiungo cha maiti kwa dharura, kwa idhini ya marehemu au ya warithi wake. Wapo waliokataa, hasa Bara Hindi: mwili una heshima, tena ni amana, si mali yetu ya kugawa. Hoja hiyo naiona nzito. Ila mwili wa Mbuddha nao ni wa nani, kama si wa Allah? Anayekataa kutoa na akakataa kupokea, msimamo wake umenyooka. Anayepokea tu, sijaisikia dalili yake.

Maziko nayo hayacheleweshwi: konea hutolewa kwa muda mfupi, kabla ya kuosha maiti, na uso hubaki uso. Tena Kyoto, mwaka 2018, madaktari walieleza jinsi seli zilizokuzwa maabara zilivyodungwa machoni mwa wagonjwa 11. Kwa njia hiyo konea ya marehemu mmoja yaweza kuwatosha wengi, maana yake hata kukataa kwetu kumekuwa kukubwa zaidi.

Nyumbani nimeshawaambia kwamba nikitangulia, konea zangu zitolewe. Baba aliuliza kuhusu idhini, akaridhika. Mama aliuliza nitafufuliwa na jicho gani. Nikamjibu, "Mama, Mwenye kukusanya mifupa iliyooza hashindwi na kipande chenye unene wa nusu milimita." Alicheka, lakini ndiyo hajasema.