Je, Karatasi ya Maabara Inatosha?

Andiko la wiki: Mathayo 4:5-7. Soma pia 1 Wakorintho 6:19-20 na Mithali 11:1.



Jumapili moja baada ya ibada ya pili, kijana mmoja alinisubiri nje karibu na tangi la maji. Ameniruhusu niandike haya, na si lazima mjue ni nani. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Pastor," akasema, "ulihubiri kwamba mwili ni hekalu. Mimi najidunga sindano za kujenga misuli, sitakuficha. Lakini kila miezi mitatu naenda kupimwa damu. Ini sawa, figo sawa, damu sawa. Mimi si mwanariadha, sishindani na mtu, sijaiba cha mtu. Sasa dhambi iko wapi?"

Nilitaka kumjibu haraka kwa mstari mmoja, halafu nimwombee aende. Roho akanizuia. Swali lake lilikuwa la kweli, na swali la kweli haliondolewi kwa kelele.

Kwanza nilimwambia kwamba kupima ni kuzuri. Dawa hizi, steroidi, ni homoni ya kiume iliyotengenezwa kiwandani, au jamaa yake. Hospitali huitumia kwa wagonjwa ambao miili yao haitoi ya kutosha, na daktari huchunga kipimo. Kwenye jimu watu hupita kipimo hicho mbali sana. Chembe nyekundu zinaongezeka na damu inakuwa nzito. Mafuta mazuri ya damu yanashuka. Vidonge vingine vinaumiza ini. Tena mwili ukiona homoni inaingia kutoka nje, unaacha kutengeneza yake, mbegu za uzazi zinapungua, na kijana anaweza kuoa halafu nyumba ikae bila mtoto huku bibi ndiye anayelaumiwa. Mengi ya haya damu inaweza kuyaonyesha. Kwa hiyo aliye ndani ya jambo hili na anapima, ni afadhali kuliko aliye ndani na anajificha. Mtu asiache kupima eti kwa sababu pastor amekemea.

Lakini nikamuuliza, "Daktari anajua unatumia nini?" Akaangalia chini. "Sikupitia kwa daktari, Pastor. Nililipa tu maabara." "Na hii karatasi nani anakusomea?" Akanyamaza kidogo. "Yule anayeniuzia dawa."

Wapendwa, hapo ndipo tulipoanza kuelewana.

Karatasi ya damu haiongei yenyewe. Inataka mtu anayejua ukweli wote. Ukinyanyua vyuma vizito jana, vipimo vya ini vinaweza kupanda leo hata kama ini halina shida, kwa sababu misuli iliyochoka nayo hutoa vitu hivyo. Na upande wa pili, kuta za moyo zinaweza kunenepa polepole, na karatasi ya ini na figo isiseme neno. Hilo linataka picha ya moyo. Kwa hiyo "sawa" iliyoandikwa pale maana yake ni kwamba kitu kilichopimwa, siku ile, hakijaharibika. Haisemi kwamba wewe uko salama, na haisemi kwamba uko sawa.

Nyinyi mnaopeleka majani kituoni mtanielewa. Karani anaangalia majani, anaweka kwenye mizani, anaandika kilo. Mizani inaweza kuwa ya haki kabisa. Lakini haiulizi kama ulichuma shambani kwako au uliingia kwa jirani kabla jua halijatoka. Kazi yake ni kilo. Vivyo hivyo maabara. Inapima ini, haipimi dhamiri.

"Lakini sikuiba," kijana akarudia. Nikamuuliza, wale vijana wadogo wa mtaa wanaokufuata jimu, wakikuuliza mwili huo umeupata wapi, unawajibu nini? Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Nawaambia ni ugali, mursik na mazoezi." Basi. Wao wanakula ugali, wanakunywa mursik, wanafanya mazoezi, na miili haiji. Kesho watatafuta siri, na muuzaji yuko pale pale. Wakianza kudungana kwa sindano moja, virusi vya UKIMWI na vya ini havitauliza nani anaokoka. Ile karatasi yako itawasaidia nini hao?

Sasa someni Mathayo 4. Shetani alimpandisha Bwana wetu mpaka juu ya hekalu, akamwambia ajitupe chini, malaika watamdaka. Tena alitumia Maandiko. Yesu hakusema malaika hawapo. Alikataa kumjaribu Mungu, kutumia ulinzi wa Baba kama ruhusa ya kuruka. Hili ndilo jibu langu kwa swali lile. Kipimo ni zawadi ya Mungu kwa mtu aliyeanguka anayetaka kuinuka. Kikigeuka kuwa wavu wa kurukia, ili mtu aendelee kuruka kila miezi mitatu, zawadi ile ile imekuwa jaribu.

Na tusiwaachie watu wa jimu pekee. Sisi ni watu wa mbio. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki: shaba ya mita 800 kule Tokyo 1964, kisha fedha Mexico 1968. Leo wanariadha wetu wakubwa wanatolewa damu mara kwa mara, na matokeo yanawekwa pamoja mwaka baada ya mwaka, ili damu ikibadilika kwa njia isiyo ya kawaida ijulikane. Tangu 2016 tuna sheria na shirika la taifa la kupambana na dawa hizi. Jemima Sumgong alishinda dhahabu ya marathoni Rio 2016, mwaka uliofuata akapatikana na dawa ya kuongeza damu, akafungiwa miaka 4. Baadaye ikawa miaka 8, kwa sababu karatasi za hospitali alizoleta kujitetea zilikuwa za uongo. Simtaji ili tumrushie mawe. Nataka tuone njia: dawa inazaa karatasi ya uongo, na karatasi inazaa adhabu kubwa kuliko ya dawa.

Na sisi kanisa tujiulize. Kijana akirudi na gari na kuleta sadaka nono, tunapiga makofi. Asiporudi na kitu, tunamuuliza atajipanga lini. Halafu tunashangaa akitafuta njia ya mkato? Mithali inasema Bwana anachukia mizani ya udanganyifu. Yetu ya kupimia vijana imekuwa ya haki?

Kijana wetu hajaacha bado, sitawadanganya. Kuacha ghafla peke yako kunaweza kuleta huzuni nzito, kwa sababu mwili umesahau kazi yake na huchukua miezi kuikumbuka. Tulikubaliana mambo mawili: nitamsindikiza kwa daktari, na ataweka mezani karatasi pamoja na chupa za dawa. Na wale vijana wadogo atawaambia ukweli yeye mwenyewe. Hilo la pili ndilo lililomtoa machozi.

Kama nawe una karatasi umeikunja mfukoni, mlango wangu uko wazi, na sitauliza mbele ya watu.

Tuombe: Bwana, wewe unayeona damu yetu na mioyo yetu, tupe ujasiri wa kupimwa, na ujasiri mkubwa zaidi wa kusema kweli. Katika jina la Yesu. Amina.