Anawinda kwa Ajili ya Nani?

Mwezi wa Oktoba misitu ya kaskazini mwa Michigan na Wisconsin, nchini Marekani, hubadilika rangi. Majani ya miti ya aspeni huwa manjano, nyasi za asubuhi hushika barafu, na wawindaji huingia vichakani na mbwa waliovishwa njuga shingoni. Wanamtafuta grausi, ndege wa jamii ya kwale, mwenye rangi ya majani makavu, anayeweza kutulia hatua chache tu kutoka mguu wa mtu asionekane. Jicho la binadamu humkosa, pua ya mbwa humpata. Mara njuga inanyamaza. Mbwa ameganda, mguu mmoja umeinuka, mkia umenyooka, pua imeelekea pale alipojificha ndege, na atabaki hivyo mpaka bwana wake afike. Mnyama mla nyama amekaribia windo lake kuliko atakavyolikaribia tena, na halirukii. Lipo swali la zamani kuhusu uwindaji: je, mtu asiye na njaa ana haki gani ya kumuua ndege aliyekuwa akijilia matunda yake msituni? Swali hilo kwa kawaida hujadiliwa kuanzia mlio wa bunduki. Naona afadhali tuanze mapema kidogo, pale mbwa anaposimama.

Kusimama huko hakukuanza na mwalimu wa mbwa. Wanyama wengi wawindao husita kitambo kabla ya kuruka, na wafugaji wa Ulaya, kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi, walikirefusha kitambo hicho mpaka kikawa dakika kadhaa. Kabla bunduki hazijaenea, wahenga wa mbwa tunaowaita seta walifunzwa kulala chini mbele ya kwale ili wawindaji watupe wavu juu ya ndege, na mara nyingine juu ya mbwa mwenyewe. Wavu umeondoka, marisau yameshika nafasi yake, lakini kazi ya mbwa ni ileile: kulipata windo, kisha kumwachia mwingine.

Fiqhi ya Kiislamu ililishughulikia jambo linalokaribiana sana na hili karne nyingi kabla ya seta wa kwanza. Adii bin Hatim, mtoto wa yule Hatim wa kabila la Tayy ambaye ukarimu wake ungali mithali mpaka leo, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mbwa wa kuwindia. Jibu lake, lililopokewa na Bukhari na Muslim, ni kwamba ukimtuma mbwa wako aliyefunzwa na ukalitaja jina la Mungu, basi kula alichokushikia. Lakini mbwa akila katika windo lile, usile, kwani huenda amejishikia mwenyewe. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, akafafanua katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana katika darasa za Kishafi za pwani yetu, mbwa aliyefunzwa ni yupi. Ni yule anayesimama akikatazwa, anayekwenda akitumwa, anayemshika mnyama bila kumla, na hayo yakarudiwa mpaka ijulikane kwamba ndiyo tabia yake. Wamaliki hawakulishika sharti la kutokula. Madhehebu mengine matatu yamelishika kwa mbwa.

Hukumu hii ni ya ajabu zaidi ya inavyoonekana mara ya kwanza. Chukua sungura wawili waliouawa na mbwa wawili, jeraha moja, damu moja, nyama moja. Mbwa mmoja amekaa kando akimngoja bwana wake, mwingine amemega paja. Sungura wa kwanza ni halali, wa pili ni mzoga. Mwenye kutafuta sababu ya kiafya hapa atachoka bure, maana meno yaliyomgusa sungura wa kwanza ni sawa na yaliyomgusa wa pili, na Mashafi hawakuyafumbia macho meno hayo: Nawawi mwenyewe anataka mahali palipoumwa paoshwe kwa maji na udongo. Kilichotofautisha ni jibu la swali moja tu. Huyu amemshika kwa ajili ya nani? Kitendo cha mbwa kimechukuliwa kuwa ushahidi wa kusudi lake, na kusudi ndilo lililoamua.

Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus wa karne ya 14, aliona katika hukumu hii utukufu wa elimu: hata mbwa, akisoma, hupanda daraja kuliko mbwa mjinga, na windo lake huliwa. Ni kauli nzuri, na walimu wa madrasa wanayo sababu ya kuipenda. Lakini tukiitazama kwa makini tutaona haijafika mwisho wa jambo. Mbwa mwitu wa Serengeti anajua kuwinda kuliko seta yeyote aliyepata kuzaliwa. Kama suala lingekuwa kujua, yeye ndiye angekuwa profesa. Alichofunzwa mbwa wa nyumbani si kukamata. Kukamata alizaliwa nako. Amefunzwa kujizuia, na ndiyo maana sharti la kwanza katika orodha ya Nawawi ni kusimama akikatazwa. Elimu inayohalalisha windo ni elimu ya kushinda tamaa, na mbwa wa Michigan anayeganda mbele ya grausi bila hata kukatazwa ameifikisha elimu hiyo mahali ambapo mafakihi hawakuwa na haja ya kupafikiria.

Kutoka hapo hoja yangu ni fupi. Haiwezekani sharti alilowekewa mwanafunzi lisimbane mwalimu. Ikiwa mbwa anayejiwindia nafsi yake huharibu windo, itakuwaje mtu aliyemtuma awe huru kujiwindia nafsi yake, yaani kuua kwa ajili ya raha ya kuua, au kwa ajili ya picha, au kwa kutaka kuhesabu? Simaanishi kwamba nyama yake inakuwa mzoga. Sheria haisemi hivyo, na si kazi ya mwandishi wa makala kuongeza masharti ya uchinjaji. Tena fundi wa fiqhi ataniambia, na atakuwa na haki, kwamba mbwa wa grausi haui kabisa. Anaonyesha tu, bunduki ndiyo inayoua, na hukumu za risasi zina mlango wake. Ninachosema kiko katika uzani wa kimaadili, si katika hukumu ya sufuria. Na hapo sheria yenyewe inanisaidia: Mtume alikataza kukifanya kiumbe chenye roho shabaha ya kulengea, imepokewa kwamba shomoro aliyeuliwa bure atamshtaki muuaji wake Siku ya Kiyama, na mafakihi wengi wameuita uwindaji wa mchezo mtupu makruhu, wengine wakaenda mbali zaidi. Swali lilelile aliloulizwa mbwa limeulizwa pia kwa binadamu, ila binadamu hatazamwi mdomo kama umelowa damu.

Mpinzani mkubwa wa hoja hii si mtu asiye na dini bali mtu mwenye fikra, José Ortega y Gasset, mwanafalsafa wa Hispania aliyeandika kuhusu uwindaji mwaka 1942 akiwa Lisbon. Yeye anasema tumemwelewa vibaya mwindaji. Mwindaji hafuati kifo. Kifo ni alama tu kwamba uwindaji ulikuwa wa kweli. Anaua ili awe amewinda. Utetezi huu una nguvu, kwa sababu kila anayejua wawindaji wa ndege anajua kwamba wanazungumza juu ya mbwa zaidi kuliko juu ya nyama. Lakini Thomas More, mwandishi wa Uingereza, alishaujibu miaka mia nne na zaidi kabla, katika Utopia ya mwaka 1516. (Baadaye alikatwa kichwa kwa amri ya mfalme aliyependa sana kuwinda, ingawa si kwa kosa hilo.) Kama raha yenu iko katika mbio, anauliza, mbona hamridhiki kutazama mbwa akimkimbiza mbwa? Na siku hizi jibu la More limepata ushahidi wa vitendo. Yako mashindano ya mbwa wa aina hii ambamo mbwa hutafuta ndege wa porini, husimama, ndege huruka, na bwana wake hupiga bastola ya mlio mtupu. Ndege anakwenda zake. Ustadi wa mbwa, ujanja wa ndege, moyo wa mtu unaodunda, vyote vipo. Ortega angesema hapo pamekosekana ukweli, pamebaki maigizo. Basi na tukubaliane naye kwamba kifo huongeza uzito. Lakini uzito huo anaubeba nani? Kumtoa mwingine uhai ili mchana wangu uwe na maana zaidi ni kujishikia mwenyewe kwa sura yake safi kabisa.

Upande wa pili uko utetezi wa hesabu, nao hauwezi kupuuzwa. Grausi wengi hawamalizi mwaka. Kipanga, bundi na baridi huwachukua. Sheria ya Marekani ya Pittman na Robertson ya mwaka 1937 ilielekeza kwenye uhifadhi wa wanyama ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao sasa ni asilimia 11, na fedha hizo zimelinda makazi ya wanyama kwa vizazi vitatu. Wawindaji wamekuwa miongoni mwa wanaodai kwamba vichaka vichanga vya aspeni visiachwe kuzeeka, na grausi anavihitaji vichaka hivyo kama roho. Haya ni kweli, na mtu wa mjini anayemhukumu mwindaji huku akila kuku aliyelelewa gizani angefaa kuyajua. Lakini ushuru unaeleza sifa ya mfuko wa serikali, haujaeleza sifa ya kitendo. Mtu anaweza kuujaza mfuko huo akiwa mlafi. Na hoja kwamba ndege angekufa tu haina nguvu inayodhaniwa. Wanabiolojia hawaichukulii tena kuwa kanuni ya kila mahali kwamba kifo cha bunduki huchukua nafasi ya kifo cha baridi, na hata ingekuwa hivyo, kipanga hakufunzwa kusimama. Kujitetea kwa mfano wa kipanga ni kuiacha daraja ile ambayo mbwa ameshaipanda.

Kuna pingamizi jingine ambalo naliona ndilo zito zaidi. Kujizuia kwa mbwa si wema, atasema mtu. Ni damu yake na mazoezi yake. Hakuchagua. Basi atakuwaje mfano kwetu, asiyejua anachofanya? Nakubali yote, na nadhani hapo ndipo ulipo ufunguo. Kwa kuwa mbwa hachagui, uchaguzi wote unabaki kwa aliye nyuma yake. Mbwa wa mbio akimwona sungura hakuna nafasi ya mtu kufikiri, mambo yamekwisha. Mbwa anayesimama humkabidhi mtu muda. Ndege yu hai, mahali pake panajulikana, hajaguswa, na mwenye bunduki anatembea taratibu kuelekea huko. Katika hatua hizo chache anaweza kujiuliza kama ana haja naye, kama wa jana hajaliwa bado, kama katika kichaka hiki amebaki huyu mmoja. Katika sehemu kubwa ya misitu hiyo ya kaskazini sheria inaruhusu ndege watano kwa siku, lakini sheria haiwezi kuwepo kila kichakani. Aldo Leopold, profesa wa Wisconsin aliyewinda grausi hao hao na mbwa wa aina hii, aliliona jambo hili: mwindaji hana watazamaji wa kumshangilia wala kumzomea, hivyo anaongozwa na dhamiri yake peke yake. Aliyelelewa katika mafundisho ya nia hatashangazwa na maneno hayo. Na kulitaja jina la Mungu kabla ya kupiga, kwa anayelitaja, si kibali cha kugongwa muhuri haraka. Ni kuulizwa swali lilelile, kwa ajili ya nani, wakati ambapo jibu la hapana bado linawezekana.

Kwa kipimo hiki mwindaji wa grausi anayekula anachoua, anayejua pa kukomea, na ambaye siku nyingine hurudi na mkoba mtupu bila kuona amepunjwa, amesimama mahali pazuri kuliko wengi wetu tunaonunua nyama iliyofungwa plastiki. Sioni sababu ya kumkemea. Wanaonitia shaka ni wengine. Marekani na Uingereza zimejaa mashamba yanayofuga fezanti na kware vizimbani, huwaachia porini, kisha hutoza ada kwa anayetaka kuja na mbwa wake kuwapiga. Katika baadhi ya mashamba ya Marekani ndege huwekwa kichakani asubuhi ileile. Mbwa husimama vizuri vilevile. Mwenye shamba atasema ndege hao huliwa, kwa hiyo wana tofauti gani na kuku? Tofauti imo katika fiqhi ileile tuliyoanza nayo. Ruhusa ya kumuua mnyama kwa mshale, kwa mbwa au kwa risasi ilitolewa kwa ajili ya mnyama asiyeweza kupatikana. Aliye mkononi hukumu yake ni kisu shingoni. Ndege huyu alikuwa mkononi. Ametolewa kizimbani, akabebwa kwenye tenga hadi kichakani, akaachiwa kwa makusudi ili awe mgumu kupatikana, na yote hayo yamefanywa kwa ajili ya yule atakayelipa.