Mkono Utaulizwa

Ndugu zangu katika imani, kina baba na kina mama wa Nakuru na viunga vyake, nawausia, nami naiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu katika jambo tulidharaulo: mkono unaoinuka kabla ya akili kuuruhusu.

Mji wetu umelea mabondia. Wazee wamkumbuka Philip Waruinge, aliyekwenda Meksiko mwaka 1968 akarejea na nishani ya shaba, lakini kikombe cha Val Barker, kilichotengewa bondia mwenye ufundi kuwashinda wote katika Olimpiki ile, alikabidhiwa yeye, si waliobeba dhahabu. Tafakarini. Mwalimu wa ndondi humfunza kijana kusimama, kupumua na kujikinga. Na refa akisema acha, ngumi iliyokwisha kuondoka sharti irudi. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ambaye imepokewa kuwa alimwangusha Rukana, bingwa wa mieleka wa Makka, ndiye aliyetufunza kwamba mwenye nguvu ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu, na kwamba aliyeghadhibika akiwa amesimama aketi, na isipomwondoka ajilaze. Hayo hayakusemwa na aliyeshindwa kupigana.

Basi ole wa mkono usio na refa! Kazini, gerejini au kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, ugomvi huanza na salamu isiyojibiwa, zamu iliyopangwa kwa upendeleo, kabila la mtu likitajwa kwa kubeua. Msimamizi aliyekemewa humshukia kibarua, naye kibarua huibeba hasira ile hadi nyumbani akaishusha juu ya mkewe na wanawe, wasiojua hata ilikotoka. Nimeketi kuwasuluhisha watu wazima, mafundi wawili waliokula sahani moja miaka mingi, na kisa chao kilikuwa spana. Sisemi dhulma imezwe: mwenye haki aipeleke kwa wazee, kwa chama cha wafanyakazi, kwa kadhi. Lakini mwenzio akipandisha sauti, wewe shusha yako, keti, mwambie tutazungumza baada ya Adhuhuri. Na kalamu imfutayo mtu kazi kwa kisasi, hiyo nayo ni ngumi.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuna udhuru wa kutojua. Januari 2008, hapa Nakuru na kule Naivasha, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waliinuliana mapanga, na wengi waliozikwa siku zile walikuwa na miadi ya kesho yake. Umri ni mfupi hivyo, ndugu zangu, na siku yaja ambayo kinywa kitafungwa, mkono wenyewe usimulie ulichokitenda, wala hapatakuwa na wakili.

Tumekatazwa kumhama ndugu zaidi ya siku tatu. Yule usiyemsalimu tangu Ramadhani, leo ameketi safu ipi? Mtafute kabla ya kukimiwa swala, ukasimame ubavuni pake.