Ukiondoka kwa Bosi, Unatoka na Nini?



Likizo hii niko nyumbani Mpanda, na swali lililonikuta huku halikutoka kwenye kitabu cha falsafa. Limetoka kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Amekaa miaka mitano kwa fundi simu mmoja karibu na stendi. Aliingia pale hajui hata kufungua mfuniko, leo anabadilisha kioo huku anapiga stori. Siku moja akaniuliza, "Kaka Frateri, nimepata kibanda Makanyagio, nataka kujitegemea. Ni dhambi kumwacha bosi?" Nikamwambia siyo dhambi. Halafu nikaongeza ushauri ambao sikuombwa: ondoka kimya kimya, usizue ugomvi.

Akaondoka Jumamosi usiku. Jumatatu fundi akanipigia mimi. "Frateri, kila anachokijua huyo kijana nimemfundisha mimi. Ile mikono ni yangu." Nikajibu kwa haraka, kama wakili: "Mzee, hajachukua kitu chako chochote." Lile jibu limenisumbua wiki nzima.

Jambo hili siyo la vibanda vyetu tu. Wale mnaocheza Call of Duty kwenye simu, jina la Activision mnalijua. Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 1979, baada ya watengenezaji wanne wa gemu, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, kuondoka Atari, iliyokuwa kubwa kuliko zote kwenye gemu za nyumbani. Gemu zao ziliingiza mamilioni ya dola, wao wanalipwa mshahara wa kawaida na majina yao hayaandikwi popote. Crane amesimulia kwamba walipokwenda kudai haki yao, mkuu wa kampuni aliwaambia hawana umuhimu kuliko mtu anayefunga bidhaa kiwandani. Wakatoka, na kwenye gemu zao mpya jina la mtengenezaji likaandikwa waziwazi. Atari ikawashitaki kwamba wameondoka na siri zake, na kesi ikaja kuisha kwa makubaliano. Kinachonichekesha kidogo ni kwamba mwaka 2010 Activision hiyo hiyo, sasa ikiwa jitu, iliwafukuza Jason West na Vince Zampella, waliokuwa wakiongoza studio iliyoanzisha Call of Duty. Nao wakaenda kuanzisha studio yao, Respawn, huku kesi zikiruka pande zote mbili. Aliyeondoka jana akawa bosi wa leo, na maneno ya bosi akayajua yote.

Huku kwetu wazee wanakumbuka habari ya Simba Wanyika. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walijenga bendi hiyo Nairobi ikawa kubwa Afrika Mashariki yote. Mwaka 1978 wanamuziki wake kadhaa mahiri wakajitoa, akiwemo mpiga gitaa Omari Shabani, wakaanzisha Les Wanyika. Wakampata John Ngereza, na punde ukatoka wimbo wa "Sina Makosa", ambao mpaka leo ukipigwa kwenye harusi mapadre nao wanatikisa kichwa. (Wimbo wenyewe hauhusu kuondoka kwenye bendi, ila jina lake, aisee!) Simba Wanyika haikufa, iliendelea mpaka miaka ya 1990. Tukapata bendi mbili nzuri badala ya moja. Lakini angalia jina. Waliotoka walitoka na "Wanyika". Je, lilikuwa lao? Walilitolea jasho, sawa, ila hawakulianzisha. Nimelifikiria sana na bado siwezi kulihukumu.

Ndipo asubuhi moja nikasoma tena Mwanzo, sura ya 31. Yakobo ni fundi mzoefu. Amemtumikia Labani miaka ishirini, na kwa maneno yake mwenyewe ujira umebadilishwa mara kumi. Ana haki ya kuondoka, tena Mungu mwenyewe amemwambia arudi kwao. Lakini anatoroka Labani akiwa amekwenda kukata manyoya ya kondoo. Labani anamfukuzia siku saba, na akimfikia analalamika kwamba hakupewa hata nafasi ya kuwabusu wanawe na wajukuu, na kwamba angewasindikiza kwa ngoma. Labani alikuwa mjanja, huenda asingepiga ngoma yoyote. Hata hivyo malalamiko yake yana ukweli ambao sikuuona siku nilipotoa ushauri wangu.

Kisha anauliza: mbona mmeiba miungu yangu? Yakobo anaapa kwa ujasiri kwamba atakayekutwa nayo asiishi. Hajui kwamba Raheli, mke wake mpenzi, ameikalia pale pale kwenye matandiko ya ngamia. Nilipofika hapo nikafunga kitabu. Nami nilikuwa nimeapa kwa ajili ya mtu ambaye sikukagua mzigo wake.

Labani naye anakosea pale anaposema mabinti ni wake, watoto ni wake, wanyama ni wake, kila kitu ni chake. Ndiyo ile "mikono ni yangu". Hapana. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka Laborem Exercens wa 1981, anafundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, siyo mtu kwa ajili ya kazi. Ufundi ukishaingia mkononi umekuwa sehemu ya mtu, na mtu hana mwenyewe isipokuwa Mungu. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatofautisha deni la kisheria na deni la shukrani. La kwanza unalilipa likaisha. La pili ni la upendo, na upendo haufungiwi hesabu. Yaani mdogo wangu hakuwa na deni la kubaki. Alikuwa na deni la kuaga, na mimi ndiye niliyemwambia asilipe.

Nikaenda kibandani kwake. Nikamuuliza, "Umetoka na nini?" Akanyamaza, kisha akanionyesha simu yake. Usiku ule wa mwisho alinakili namba za wateja wote kutoka kwenye daftari la bosi. "Lakini Kaka, wengine niliwaleta mimi." Kweli, wengine aliwaleta yeye. Tukakaa tunazichambua moja moja, huyu wako, huyu wa mzee, mpaka umeme ukakatika.

Kesho yake tukaenda wote wawili kwa fundi. Hakutabasamu. Mdogo wangu akapiga goti kidogo, akamwamkia, akaomba radhi kwa kuondoka bila kuaga, akaeleza habari ya namba na kwamba ameshazifuta. Fundi akasikiliza huku macho yako kwenye simu aliyokuwa anaichokonoa.

"Namba siyo shida," akasema. "Watu watakwenda wanakotaka. Ile bisibisi yangu ndogo ya nyota iko wapi?"

Nikamgeukia mdogo wangu ili nimtetee. Alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni. Mzee akaipokea, akaipangusa kwenye shati, akairudisha kwenye kikopo chake. Kisha akamwita dada wa chai, akaagiza vikombe vitatu.